Jasho Letu Liandikwe

Haya ni mazungumzo ya kikundi cha wanawake wakulima. Yalitolewa mbele ya wahitimu wa kisomo na wanakijiji wenzao. Yameandikwa kama yalivyosemwa.

  

 Mmezoea kutuona wanawake kwenye mikutano tukifanya kazi mbili, kuimba na kupika chai. Leo chai watapika wengine. Sisi tumekuja kuzungumza, na jambo letu ni moja tu: ardhi tunayolima, na jina linaloandikwa kwenye karatasi ya ardhi hiyo.

Wengi wetu tulio hapa tulijifunza kusoma tukiwa watu wazima. Tuliketi kwenye madawati ya watoto. Tulishika chaki kwa vidole vilivyozoea mpini wa jembe. Na neno la kwanza ambalo kila mmoja alitaka kuliandika ni jina lake mwenyewe. Sasa tunauliza: jina hilo tulilolipata kwa taabu, limeandikwa wapi? Limeandikwa kwenye daftari la kisomo. Limeandikwa kwenye kadi ya kliniki ya mtoto. Limeandikwa kwenye daftari la mikopo, tena huko halisahauliwi hata siku moja. Je, limeandikwa kwenye shamba?

Kazi ya nani, mali ya nani?

Hebu tuhesabu siku moja ya msimu wa kilimo. Mama anaamka jogoo la kwanza. Anafagia, anawasha moto, anachota maji. Anawaandaa watoto kwenda shule. Kisha anakwenda shambani, mara nyingi na mtoto mgongoni. Analima au anapalilia mpaka jua liwe kali. Akirudi anabeba kuni. Halafu anatwanga au anakwenda mashineni, anapika, anaosha vyombo, anamhudumia mgonjwa kama yupo. Wakati wa mavuno ni yeye anayebeba, anayepukuchua, anayeanika na anayefukuza kuku.

Hatusemi kwamba baba hafanyi kazi. Wapo akina baba wanaolima kweli kweli, na wengine tunawaona hapa. Tunachosema ni hiki. Wakati wa kulima, shamba ni "letu". Wakati wa kupalilia, shamba ni "letu". Lakini siku ya kuuza mazao, siku ya kukopa, siku ya kugawana urithi, ghafla shamba linakuwa la mtu mmoja, au la ukoo wake. Neno "letu" limekwenda wapi?

Katika kikundi chetu yupo mama aliyelima shamba moja kwa miaka zaidi ya 20. Mumewe alifariki. Hata arobaini haijaisha, ndugu wa mume walifika na kamba ya kupimia. Walimwuliza swali moja tu: "Karatasi yako iko wapi?" Hakuwa na karatasi. Alikuwa na sugu mikononi, lakini sugu hazisomwi kama hati. Aliondoka na watoto wanne, sufuria mbili na jembe.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tunawaambia wenye maduka. Lakini inamhusu zaidi mwanamke mkulima, kwa sababu mali yake yote ni shamba, na daftari hana.

Wanawake hawakuanza leo

Wapo watakaosema: "Haya mambo ya haki za wanawake yametoka Ulaya, yameletwa na redio." Ndugu zetu, si kweli. Wanawake wa nchi hii wamedai haki tangu zamani, tena wengi wao hawakujua kusoma.

Katika miaka ya 1940, kule Upare, serikali ya kikoloni ilileta kodi iliyoitwa mbiru. Watu waliikataa. Wanaume walikusanyika Same kupinga. Wanawake nao waliandamana, ingawa kodi ile walitozwa waume zao. Walijua kwamba fedha ikitoka mfukoni mwa baba, njaa inaingia jikoni mwa mama.

Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alianza kuongoza wanawake wa TANU. Aliwafuata wanawake kwenye vikundi vyao vya ngoma mjini Dar es Salaam, akawaambia waingie chama cha kudai uhuru. Wakaingia kwa wingi. Hakungoja wanawake wawe matajiri au wasomi. Aliwakuta mahali walipokuwa wamekwisha kukusanyika.

Miaka ilipita. Katika miaka ya 1990 serikali ilianza kutengeneza sheria mpya za ardhi. Vyama vya wanawake vikaona hatari. Sheria ikitungwa bila kumtaja mwanamke, mila ya kumnyima ardhi itaendelea kama kawaida. Basi vyama hivyo viliungana. Chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, kilikuwa mstari wa mbele, pamoja na vyama vingine. Walisoma muswada, wakaandika mapendekezo, wakakutana na wabunge. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha sheria mbili, Sheria ya Ardhi, Namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5. Ndani yake haki ya mwanamke imeandikwa waziwazi. Haikudondoka kutoka mbinguni kama mvua. Watu waliifanyia kazi.

Kule Ngorongoro, wanawake wafugaji wa Kimaasai walianzisha baraza lao mwaka 1997. Wamekuwa wakikutana vijijini, wakisomesha mabinti, na kudai sauti katika mikutano ambayo zamani walikaa wanaume peke yao.

Na mwezi Oktoba 2016, mamia ya wanawake wa vijijini kutoka nchi nyingi za Afrika walikutana mkoani Arusha. Waliandika madai yao kuhusu ardhi. Kisha baadhi yao wakapanda mlima Kilimanjaro hadi kileleni. Hawa ni wakulima na wafugaji kama sisi. Kwa nini walipanda mlima? Kwa sababu aliye bondeni haonekani. Walitaka madai yao yaonekane na serikali zote za Afrika.

Kesi mbili za kukumbuka

Sasa tuzungumze habari za mahakama. Msiogope. Tutakwenda polepole.

Kesi ya kwanza ni ya Bi Hawa Mohamed. Aliachana na mumewe, akadai sehemu ya mali ya ndoa. Swali likawa: mwanamke aliyekaa nyumbani akipika, akilea na kutunza nyumba, amechangia nini katika mali? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilijibu kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kupata mali ya ndoa, chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Bi Hawa mwenyewe hakuipata mali aliyodai, kwa sababu nyingine ambazo mahakama iliziona katika shauri lake. Lakini mlango alioufungua haukufungwa. Tangu siku hiyo, mtu akisema "mke wangu hafanyi kazi, anapika tu," anasema jambo ambalo mahakama ya juu kabisa ya nchi ilikwisha kulikataa.

Kesi ya pili ni ya Bibi Holaria Pastory wa Muleba, mkoa wa Kagera. Baba yake alimwachia ardhi ya ukoo kwa wosia. Alipozeeka, hana wa kumtunza, aliiuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000. Mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo. Kesho yake ndugu mmoja wa ukoo akaenda mahakamani. Alisema kwa mila ya Kihaya mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ilimkubalia ndugu huyo. Mahakama ya wilaya ikampa haki bibi. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya alitoa hukumu. Alisema Katiba yetu inakataza ubaguzi, na nchi imetia sahihi mikataba ya kimataifa inayokataza ubaguzi. Kwa hiyo mila hiyo haiwezi kumbagua mwanamke. Kama mwanamume wa ukoo anaweza kuuza kwa masharti fulani, na mwanamke naye anaweza kwa masharti hayo hayo.

Angalieni, ndugu zetu. Huyu alikuwa bibi mzee wa kijijini. Hakuwa waziri wala mke wa waziri. Lakini alikuwa na kitu kimoja mkononi ambacho wengi hatuna. Alikuwa na wosia ulioandikwa.

Sheria ya vijiji inasemaje?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilianza kutumika mwaka 2001. Tuikariri katika mambo manne, tuyashike kama tulivyoshika irabu tano.

La kwanza. Mwanamke ana haki ya kupata ardhi, kuimiliki, kuitumia na kuigawa, sawasawa na mwanamume.

La pili. Mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu ya kisheria. Nyingine zote njema zinabaki. Sheria haikufuta mila ya kuheshimu wazee wala ya kusaidiana msibani. Imekataa ile tu inayonyima.

La tatu. Halmashauri ya Kijiji ikipokea maombi ya ardhi kutoka kwa mwanamke, au kikundi cha wanawake, ni lazima iyashughulikie kama inavyoshughulikia maombi ya mwanamume. Haitakiwi kumwambia mama, "Nenda kamlete mumeo kwanza."

La nne. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na kati yao watatu ni wanawake. Kazi ya baraza hili ni kusuluhisha. Mtu asiporidhika, anaweza kwenda ngazi za juu.

Hapa tuna neno. Viti vile vitatu visijazwe kwa kuhesabu vichwa tu. Tumeona mahali pengine mama anachaguliwa kwa sababu ni mpole, hasemi. Anakuja barazani, anakaa, anaweka sahihi, anarudi nyumbani. Hicho ni kiti tu, si mjumbe. Tuchague wanawake wanaosema, na sisi wengine tuwe nyuma yao wanaposema.

Palipobaki ufa

Tusidanganyane. Sheria nzuri ipo, lakini ukuta una ufa, na ufa huo ni mirathi.

Mwaka 1963 kanuni za mila za makabila mengi ziliandikwa na kutangazwa na serikali. Kanuni hizo zilimweka mwanamke daraja la mwisho katika urithi. Zilisema mjane hana fungu katika mali ya mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Na mtoto wa kike aliruhusiwa kuitumia ardhi ya ukoo, lakini si kuiuza.

Wajane wawili kutoka Shinyanga walikwenda Mahakama Kuu kupinga kanuni hizo. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba kanuni hizo zina ubaguzi. Lakini haikuzifuta. Walikata rufaa, na mwaka 2010 rufaa hiyo ilitupwa kwa sababu ya kasoro ya karatasi. Hawakuchoka. Walipeleka malalamiko kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwaka 2015 kamati hiyo ilisema wajane hao wamevunjiwa haki, na ikaitaka Tanzania irekebishe sheria zake za mirathi.

Mmesikia? Rufaa ilitupwa kwa kasoro ya karatasi. Wakubwa wetu wa kisomo, hii ndiyo sababu tunawaambia watu wajifunze kusoma kila neno, pamoja na tarehe na mihuri.

Sasa, mtu mwenye akili akiona ufa ukutani hakai akingoja fundi kutoka mjini. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunao udongo wa kuziba, tena udongo wenyewe ni kalamu na karatasi. Baba akiwa hai, shamba liandikwe majina mawili. Baba akiwa hai, aandike wosia. Kwa wanaofuata kanuni za mila, wosia wa maandishi unataka mashahidi wanaojua kusoma na kuandika. Wasipungue wawili ikiwa mwenye wosia anajua kusoma na kuandika, wasipungue wanne ikiwa hajui. Mke aliyepo nyumbani naye awe shahidi. Na kwa Waislamu, mjane na binti wana mafungu yao yanayojulikana katika mirathi. Kazi yetu huko ni kuhakikisha wanapewa kweli, wasiambiwe "tutakuwekea" halafu miaka ikapita.

Wapimaji wakija

Siku hizi vijiji vingi vinapimwa. Watu wanapewa hati za hakimiliki za kimila. Ni jambo jema. Lakini kwa mwanamke ni siku ya kupata au kukosa. Kabla ya hati, wote wawili walikuwa wanasema "shamba letu." Baada ya hati, shamba ni la yule aliyeandikwa. Jina likiachwa siku hiyo, kulirudisha ni kazi kubwa, na nauli yake ni kubwa vilevile.

Tunajua mambo yanavyokwenda. Wapimaji wanafika. Wanaume wanatoka nao kwenda kuonyesha mipaka. Wanawake wanaambiwa: "Wageni wamekuja, pikeni." Tunabaki jikoni tunachinja kuku. Wapimaji wanarudi, wanakula, wanasifu mchuzi, wanaondoka. Jina la aliyepika mchuzi halimo kwenye fomu.

Basi tunashauri hivi.

Siku ya kupima, mke na mume waende pamoja mpakani. Chakula kitapikwa baadaye. Mama ndiye aliyepanda mkonge ule wa mpakani na anajua jiwe la mpaka liko wapi.

Fomu isomwe kwa sauti kabla ya kuwekwa sahihi. Kama macho hayaoni vizuri, mwite mhitimu mwenzako akusomee. Usiweke dole gumba kwenye karatasi usiyoijua.

Angalia palipoandikwa jina la mwombaji. Je, ni jina moja au mawili? Mjane aandikwe yeye, si shemeji yake. Binti anayelima kwake aandikwe yeye, si kaka yake. Palipo na wake wawili, kila mmoja aandikwe kwenye shamba analolima.

Hati ikitoka, wenye ardhi hutia sahihi chini ya kila ukurasa. Basi kila ukurasa uangaliwe. Kisha hati iwekwe mahali ambapo wote wawili wanapajua, pasipo na mchwa wala panya.

Yale tunayoambiwa

Tunazungumza na waume zetu na kaka zetu, na wanatupa hoja. Ni haki yao, na sisi tunawajibu kwa heshima.

Wapo wanaosema: "Nikimwandika mke wangu, atauza shamba aende zake." Baba, majina yakiwa mawili hakuna anayeweza kuuza peke yake. Mke hawezi bila wewe, na wewe huwezi bila yeye. Hati ya majina mawili inamlinda hata baba, siku anapolewa na mjanja akamletea karatasi kilabuni. Na nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikwisha kusema kwamba mmoja haiuzi wala haiweki rehani bila ridhaa ya mwenzake.

Wapo wanaosema: "Binti ataolewa, ardhi itakwenda ukoo mwingine." Sawa, tumewasikia. Lakini binti huyo akifika kwa mumewe anaambiwa, "Wewe hapa ni mgeni, ardhi ni ya ukoo." Akiachika akarudi nyumbani anaambiwa, "Wewe ulikwisha kuondoka." Sasa tunawauliza wazee: kwao mtoto huyu ni wapi? Mtu hawezi kuishi barabarani maisha yake yote.

Na wapo wanaosema: "Mnataka kuvunja ndoa zetu." Jamani! Ndoa haivunjwi na jina kwenye karatasi. Tuliangalie jambo hili kwa hesabu ya shamba. Mama akijua shamba hili hatafukuzwa, atapanda miti ya matunda, atachimba matuta, atatia samadi. Akijua kesho anaweza kufukuzwa, atapanda mahindi ya msimu mmoja tu. Nani atapanda mwembe atakaoliwa na waliomfukuza? Hapa anayepoteza ni nyumba nzima, hata kijiji.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Mwisho tuseme habari za kikundi, maana sheria haina miguu. Ikibaki mjini ndani ya kabati, haimsaidii mjane wa hapa.

Sisi tulianza na kuweka na kukopa. Kila wiki tunaweka hisa, fedha kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini tuliona kwamba tukikopeshana mtaji wa vitumbua, na mwenzetu anafukuzwa kwenye shamba, bado tumefanya nusu ya kazi. Kwa hiyo tukaongeza mambo matatu.

Kwanza, tulitenga mfuko mdogo wa mashauri. Fedha zake ni za nauli ya kwenda wilayani, kunakili karatasi na chakula cha safari. Mashauri mengi ya wanawake hayashindwi kwa sababu hayana haki. Yanashindwa kwa sababu mama hana nauli ya kurudi mara ya tatu.

Pili, mwenzetu akiitwa barazani hatumwachi aende peke yake. Tunakwenda watano au sita. Hatupigi kelele wala hatutukani mtu. Tunakaa nyuma yake, tunasikiliza. Mmoja wetu anashika daftari na kuandika kila kinachosemwa, na nani kakisema, na tarehe. Mmeona ajabu? Daftari likifunguliwa tu, watu wanachunga maneno yao.

Tatu, tunasoma pamoja. Tunachukua kipande kidogo cha sheria, tunakisoma polepole, tunakieleza kwa maneno yetu. Tukikwama tunamwuliza msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi hawa, na wapo wilaya nyingi. Kumwuliza si aibu. Hata mwalimu humwuliza mwalimu mwenzake.

Yule mama wa watoto wanne tuliyemtaja, hatukukubali yaishe vile. Tulikwenda naye barazani mara nne. Majirani wa mipakani walikuja kushuhudia nani alikuwa akilima. Mara ya nne upande wa pili ulikubali suluhu. Alirudishiwa nyumba na nusu ya shamba, na nusu hiyo imeandikwa jina lake. Nusu nyingine bado. Hatusemi tumeshinda. Tunasema mwaka huu ana mahindi.

Ndugu zetu, haki ya mwanamke haichukui kitu cha mtu. Ni kumpa mwenye jasho alama ya jasho lake. Serikali ina kazi yake ya kurekebisha sheria za mirathi, na tuendelee kuidai. Lakini jina kwenye fomu linaandikwa hapa kijijini, mbele yetu, na kalamu tunazo. Bwana Mwenyekiti, tunaomba jambo hili liingizwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji unaokuja, na liandikwe kwenye muhtasari.



Maswali ya kujadili

1. Katika nyumba yako, ni karatasi zipi zimeandikwa jina la mama? Zipi zimeandikwa jina la baba?

2. Taja wanawake wajumbe wa Baraza la Ardhi la kijiji chenu. Mara ya mwisho kuwasikia wakisema barazani ni lini?

3. Kwa nini wosia wa baba yake ulimsaidia Bibi Holaria Pastory? Je, wazee wa kijiji chenu huandika wosia? Kama hawaandiki, wanaogopa nini?

4. Mwenzenu akifukuzwa shambani leo, kikundi chenu kinaweza kufanya nini kabla ya wiki kwisha?